Kiti cha Mkamwana

Ipo siku moja ambayo hunijia kila ukungu unaposhuka kutoka upande wa Kawetele na kuingia mgombani kwangu, nikawa siuoni hata mkungu ulio mbele ya dirisha. Huja bila kubisha hodi. Nakuwa nimekaa jikoni na kikombe cha chai mkononi, mara nasikia mguu wa kiti ukikwaruza sakafu ya saruji. Ni sauti ndogo tu, mwanangu, tena ya mara moja, lakini miaka yote hii haijanitoka masikioni. Wakati mwingine nadhani niliiota. Kisha nakumbuka nyuso za watu waliokuwepo, nami najua sikuota.

Nakusimulia wewe, Atupele mjukuu wangu, kwa sababu siku ile ulipofika likizo uliingia umenuna, ukatupa begi pale kitandani, ukasema huendi tena chuoni. Masomo ya uhandisi hayajakushinda, ulisema hivyo mwenyewe. Kilichokushinda ni maneno ya wenzako, eti umeingia kwa zile nafasi za wasichana, eti umebebwa kwa mbeleko. Nami nikacheka, ukakasirika. Sikukucheka wewe, mama. Niliicheka hiyo mbeleko yao. Hao vijana wote walibebwa migongoni wakipandishwa vilima hivi kwenye matope, na sijasikia hata mmoja aliyemwambia mama yake amshushe kwa kuwa anaona aibu.

Basi ongeza maziwa kwenye chai yako, ukae. Mvua hii haitakatika leo, na mimi sina haraka.

Nilikuwa bado na nguvu zangu wakati huo. Nilizaliwa Ibighi, nikaolewa huku juu, na mume wangu alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha chai, akirudi jioni amechoka na kunuka majani mabichi. Unajua mila yetu sisi Wanyakyusa, au pengine huijui, maana ninyi siku hizi mnakaa na wakwe sebuleni mkitazama televisheni pamoja. Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Akimwona anakuja njiani, huingia mgombani mpaka apite. Hasemi naye, hali naye, na jina lake halitaji. Mzee yule yuko udongoni siku nyingi, na hata leo sitakutajia jina lake, kwa hiyo usinisumbue. Wachungaji walihubiri sana juu ya jambo hili. Tuliitikia amina, tukarudi nyumbani, tukaendelea kujificha.

Lakini usidhani ilikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na ndani yake mlikuwa na upendo wa namna yake. Alikuwa akitoka Tukuyu mjini na nyama, anaacha kipande changu juu ya jiwe nje ya jiko, anakohoa, anaondoka. Nikisikia kile kikohozi nilijua baba amepita, nami nilitoka nikichukue nikiwa natabasamu peke yangu. Nilimjua kwa kikohozi kuliko nilivyomjua kwa sura.

Ndipo ikaja sheria mpya ya mabaraza ya ardhi, ikasema baraza la kata halijakamilika mpaka ndani yake wawemo wanawake watatu. Wazee walikuna vichwa. Toka lini mwanamke akaamua mpaka wa shamba? Lakini serikali ni serikali, wakachagua. Wa kwanza alikuwa Mama Sekela, kikongwe aliyesinzia kabla hata ya sala ya kufungulia kikao. Wa pili alikuwa mjane mmoja mpole mno, aliyeitikia kila neno la mwanamume hata kabla halijaisha. Wa tatu nilikuwa mimi. Na mwenyekiti wa baraza alikuwa nani? Alikuwa baba mkwe wangu.

Wakati ule niliona ni bahati mbaya tu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba waliotuchagua walijua wanachofanya. Sheria ilidai viti vitatu, wakatoa viti vitatu vyenye midomo iliyofungwa. Waliitimiza sheria kama mtu anayejaza gunia pumba akasema nimeleta mahindi.

Kiti changu kiliwekwa karibu na mlango, kikaelekezwa ukutani. Huko ndiko nilikotazama kikao baada ya kikao, nimejitanda kanga hadi kwenye nyusi. Ukuta ule niliujua vizuri. Palikuwa na ufa uliopanda kama kijito, na mimi niliufuata kwa macho huku sauti za watu zikipita nyuma ya mgongo wangu, mpaka nikawa nusu naota. Watu wakagombania miti na njia za ng'ombe, nami nikawa niko mbali, kwenye kijito changu cha chokaa. Ikifika zamu yetu wanawake kuulizwa, tulinyamaza, na karani alisema kwa sauti, "Wameridhia." Nilirudi nyumbani nikijiona mke mwenye adabu.

Siku moja ikaletwa kesi ya Zaina.

Zaina alikuwa rika langu. Baba yake alikuwa na duka Bulyaga, Mwislamu mwenye asili ya Uarabuni, na mama yake alikuwa Mnyakyusa wa hapahapa kijijini. Mtoto akatoka na ngozi ya baba na nywele za baba, lakini Kinyakyusa chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Yule baba alipofariki, mama yake Zaina alirudi kwao na binti yake, na babu akamkatia kipande cha shamba. Alikikata mchana, majirani wakiona, akapanda miti ya mpaka kwa mkono wake. Hapo mama akalima, akauguzwa, akafa, akazikwa mgombani karibu na baba yake kama ilivyo desturi yetu. Zaina akaendelea kulima hapo, ndizi na maharage, na kila Jumamosi aliuza sokoni kama sisi wengine.

Babu alikuwa amekwisha kutangulia, na mjomba wake Zaina naye alipokufa, akatokea Ambakisye, mtoto wa yule mjomba. Hakukana kwamba babu alitoa shamba. Majirani walikuwa hai, angekanaje? Alisema tu kwamba Zaina hawezi kulirithi. Nilisikia maneno yake nikiwa na ufa wangu ukutani, na kwa mara ya kwanza kijito kilikatika.

"Ardhi ya Wanyakyusa ni ya Wanyakyusa," alisema. "Mimi sina maneno mengi, wazee. Mtazameni tu."

Nikasikia watu wakigeuka kumtazama. Mimi peke yangu sikuweza. Kisha nikasikia sauti ya Zaina, ya chini, haikutetemeka.

"Mama yangu amelala pale," alisema. "Mkinitoa mimi, mtoeni na yeye."

Wazee wakaanza kunong'ona, na katika minong'ono ile nilielewa upepo unakovuma. Mmoja alisema hana ubaya na yule binti, ila mgeni ni mgeni. Mwingine akasema Waarabu wana maduka yao, shamba wanalitakia nini? Baba mkwe akauliza kama ilivyo kawaida, "Akina mama, mna neno?" Neno lilikuwepo, mwanangu. Lilikuwa limenijaa kooni kama ugali wa moto. Nikalimeza. Karani akasema, "Wameridhia," na mvua ikaanza kupiga mabati kwa nguvu hata hakuna aliyemsikia mwenzake, ikabidi hukumu isogezwe wiki iliyofuata. Naishukuru mvua ile mpaka leo.

Nilifika nyumbani nimelowa. Mama mkwe alikuwa akimenya ndizi. Na yeye tulizungumza bila kizuizi, na alikuwa mtu wa maneno makavu, asiyejua kupaka sukari. Nikamsimulia yote, kisha nikamwambia ninachotaka kufanya, na hapa ndipo wewe na mimi tulipofanana, Atupele. Nikamwambia nataka kuacha ule ujumbe wa baraza. Kiti chenyewe, nikasema, nimepewa kwa kuwa mwanamke tu, si kwa kuwa najua lolote, na watu wote wanajua hivyo.

Hakuinua macho kwenye ndizi zake.

"Na baba yenu kapewa kwa nini?" aliuliza. "Kwa kuwa mwanamume. Umewahi kusikia anaona haya?"

Akaendelea kumenya, na nilidhani amemaliza. Kumbe alikuwa anatafuta pa kunishika.

"Kile kiti si chako, mwanangu. Ni cha Zaina, na cha wengine kama yeye wasiokuwa na mtu mle ndani. Wewe umewekwa ukikalie kwa ajili yao, ukawageuzia mgongo, halafu unarudi kuniambia una adabu. Heshima si utumwa."

Nililia, sikufichi. Nililia kwa hasira, maana ni rahisi kukasirishwa na mtu anayesema kweli. Nikamuuliza nitawezaje kusema mbele ya baba. Nikifungua mdomo mbele yake nimemvunjia heshima mbele ya kata nzima, na nyumba yetu itachekwa. Nikinyamaza, Zaina anahama na kaburi la mama yake linabaki kwa Ambakisye. Mama mkwe akasema hilo nalo ni kweli, hakulidharau. Kwa mila yetu mkamwana akiwa na jambo kwa baba mkwe hulipitisha kwa mama mkwe, kwa hiyo nikampa maneno ampelekee. Mwambie baba, nikasema, kwamba siwezi kukaa mle nisiseme, na siwezi kusema mbele yake. Basi aniambie nifanye nini.

Alimpelekea jioni ileile. Jibu halikuja. Nikasubiri wiki nzima. Kikohozi kilipita nje ya jiko, nyama ikaachwa juu ya jiwe kama kawaida, lakini neno hakuna. Nilidhani nimemchukiza. Wakati wa kupalilia mikono yangu ilifanya kazi yenyewe, na kichwa kilikuwa kwenye ule ukuta. Nilimwona Zaina mara moja sokoni, akanisalimia vizuri, akanipunguzia bei ya maharage, na ile fadhila ilinichoma kuliko tusi.

Siku ya hukumu ukungu ulikuwa kama huu wa leo. Watu walitokea mmojammoja kutoka kwenye weupe, wakaingia wakipangusa miguu. Nikakaa kwenye kiti changu, uso ukutani, kanga kwenye nyusi. Nikasikia kikohozi mlangoni. Watu wakasimama, akapita nyuma yangu, akafika mbele kwenye kiti chake cha mwenyekiti. Nilisubiri nisikie akikaa.

Badala yake nikasikia mguu wa kiti ukikwaruza sakafu.

Sikuthubutu kugeuka, lakini nilisikia Mama Sekela, ambaye siku hiyo hakuwa amesinzia, akishusha pumzi. Kisha sauti ya baba mkwe ikaja, na haikuja upande iliokuwa ikitokea siku zote. Ilikuwa inagonga ukuta kwanza ndipo itufikie.

"Mimi nasikiliza kwa masikio," alisema. "Leo nitatazama ukuta mimi. Mkamwana, geuza kiti chako uwatazame watu. Una neno, lisemwe."

Niligeuza kiti polepole, na nilipoinua macho niliona mgongo wake, koti lake la kijivu, kisogo chenye mvi, mzee mkubwa wa ukoo amekaa kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Wazee wengine walikuwa wametazama chini kwa haya. Na nikaziona nyuso, nyuso nilizozisikia miezi yote ile bila kuziona. Zaina alikuwa benchi la mbele. Alikuwa amekonda.

Mwanangu, sikusema maneno makubwa. Sikujua vifungu, sikujua Katiba imeandika nini. Nilisema ninachokijua. Nilisema mimi nimezaliwa Ibighi, na katika ukoo huu sina hata tone la damu. Nimeletwa hapa na ndoa tu. Nikifa nitazikwa mgombani mwenu, na hakuna atakayeuliza nimetoka wapi, kwa sababu ngozi yangu inafanana na yenu. Zaina amezaliwa na binti wa kijiji hiki na babu yake alimgawia mama yake shamba kwa mkono wake.

"Kati yangu na yeye," nikauliza, "mgeni ni nani?"

Nikaona mzee mmoja akimtazama mkewe aliyekuwa amesimama dirishani, mwanamke wa kutoka mbali kabisa, na nikajua neno limefika. Maana katika kijiji chetu, kama mahali pengi, kila mke ametoka kwingine, na kila mtu mle ndani alizaliwa na mgeni. Mama Sekela akasema, "Na mimi nasema hivyohivyo," na yule mjane mpole, aliyezoea kuitikia wanaume, akaniitikia mimi. Kisha wazee wawili nao wakakubali.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo ninalotaka ulibebe. Wakati wa kura, baba mkwe wangu, akiwa bado ametazama ukuta, alipiga kura yake kwa Ambakisye. Ndiyo. Aligeuza kiti ili niseme, nikasema, na hakukubaliana nami. Alisema ardhi ya ukoo anaiona kwa macho ya wazee waliomlea, na hawezi kujidanganya. Kisha akasema waliokuwa upande wa Zaina ni wengi, kwa hiyo shamba ni la Zaina, na yeye kama mwenyekiti ndiye atakayelisema hilo kwa mdomo wake. Akalisema, neno kwa neno, akiuambia ukuta.

Ambakisye alikata rufaa wilayani. Huko nako akaambiwa kwamba rangi ya mtu haimfuti kwenye urithi wake, wala kuzaliwa na binti badala ya mtoto wa kiume, kwa kuwa mbele ya sheria watu wote ni sawa. Maneno mazuri, yalisomwa kwa sauti nzuri, na Zaina alilia. Mimi nilifurahi, lakini moyoni nilijua hukumu ile ilianza na kiti kukwaruza sakafu.

Tangu siku hiyo kila kikao yeye alitazama ukuta na mimi nikatazama watu, na mtu wa kwanza aliyecheka alijuta. Hakuwahi kuniletea neno lolote juu ya jambo lile, na nyama iliendelea kuja kwenye jiwe. Uso wake niliutazama sawasawa siku ya msiba wake tu, alipokuwa amelazwa, nikashangaa kwamba ulikuwa mpole namna ile na mimi sikujua. Mama mkwe alisimama kando yangu. Ndipo aliponiambia kwamba jioni ya ile hukumu mzee alirudi nyumbani, akakaa kimya mpaka chakula kikapoa, kisha akacheka peke yake akasema, "Yule mtoto wa Ibighi amenichapa mbele za watu, na fimbo nimempa mimi." Alilisema kwa fahari, mama mkwe akasema. Nilimlilia mzee yule kama baba aliyenizaa.

Zaina yuko hai, unamjua. Ndiye yule bibi anayekuletea ndizi kila ukija likizo na kukuuliza umefika darasa gani kana kwamba bado uko shule ya msingi. Zile ndizi zinatoka kwenye lile shamba.

Kwa hiyo wosia wangu ni huu, Atupele, na wewe mwingine yeyote utakayesikia. Ukipewa nafasi kwa sababu ya ulivyozaliwa, usione haya, maana waliokutangulia walipewa zao kwa sababu hiyohiyo na hawakuona haya hata siku moja. Haya ni kuikalia ukanyamaza. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini aliyepo akatazama ukuta ni vilevile hayupo. Usikiache kiti kwa sababu ya kicheko cha watu, kwa kuwa si chako peke yako, kuna binti wa darasa la nne huko mgombani anayekingoja bila kujua. Usidai kila anayekupa nafasi akubaliane nawe pia. Na siku nawe utakapokuwa mkubwa mahali, mwenye kiti cha mbele, angalia nyuma ya mlango kama hakuna mtu aliyejitanda kanga. Ukimwona usimwambie tu aseme. Geuza cha kwako kwanza.

Kyala, Mungu wetu, akutunze, mwanangu. Ukungu ukufunike bila kukupoteza, mvua ikunyeshee bila kukuozesha, na kila utakapoingia watu wakuone nawe uwaone. Ndaga, asante, umenisikiliza mpaka chai imepoa. Sasa nenda kapange begi lako, gari la Mbeya linaondoka asubuhi, na pita kwa Bibi Zaina umuage. Amesema amekuwekea mkungu.